Paka kipara wa miguu mifupi: maswali yenu, majibu yetu

Picha za Bambino, paka asiye na manyoya, mwenye miguu mifupi kama ya mbwa daksi, zimezunguka sana kwenye simu za watu mwaka huu, na barua zimefuata. Wengine mnaye tayari, wengine mnamtaka, na wawili watatu mnataka kufanya naye biashara. Barua tumezifupisha.

Naishi Minneapolis. Kituo cha wanyama hapa mjini kina paka jike wa aina ya Bambino, miaka minne, mwenyewe kahamia nyumba isiyoruhusu wanyama. Nataka kumchukua ila sijawahi kufuga paka wa namna hii. Niulize nini kabla ya kutia sahihi? (Msomaji, Minnesota)

Umeanza pazuri, dada. Paka wa miaka minne ni bora kuliko mtoto, na kwa aina hii tunasema hivyo bila kusita. Akiwa na umri huo unaweza kumtazama akitembea, kuona kama mgongo umebonyea, kujua tabia yake, na kupima moyo upate jibu lenye maana. Mtoto wa wiki kumi na mbili haonyeshi hata moja kati ya hayo.

Bambino ni mchanganyiko wa koo mbili. Miguu mifupi imetoka kwa Munchkin, ambao ukoo wao wa sasa ulianza Louisiana mwaka 1983, Sandra Hochenedel alipomwokota paka jike mwenye mimba akamwita Blackberry. Ngozi tupu imetoka kwa Sphynx, ambao historia yao inaanzia Toronto mwaka 1966. Pat na Stephanie Osborne walizichanganya koo hizo Marekani na kutangaza jina la Bambino mwaka 2005. Kwa hiyo paka wako amerithi matatizo ya pande zote mbili, na maswali yako yafuate pande hizo mbili.

Upande wa Sphynx, ulizia moyo. Ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa hadi chumba cha damu kikabana ni wa kawaida kwao. Omba karatasi ya altrasaundi ya moyo iliyofanywa ndani ya miezi 12 iliyopita. Maneno "daktari alimsikiliza, yuko sawa" hayatoshi, maana paka wengi wenye ugonjwa huu hawatoi mlio wowote usio wa kawaida kwenye kifua. Kama kituo hakina karatasi hiyo, si sababu ya kumwacha. Ni gharama ya kwanza utakayolipa wewe. Upande wa Munchkin, omba picha za eksirei za viwiko, magoti na uti wa mgongo kama zipo, na mtazame akishuka kutoka kwenye kiti: je, anatua kwa miguu yote, au anasita na kuteleza kwa kifua?

Mengine ni ya paka yeyote: amefungwa kizazi, ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo ni za lini, amepimwa virusi vya leukemia na vya upungufu wa kinga wa paka, meno yakoje. Ulizia pia chakula anachokula sasa, ununue hichohicho. Nyumbani mpe chumba kimoja chenye joto kwa siku chache, asikabidhiwe nyumba nzima mara moja. Usimwogeshe wiki ya kwanza hata akinuka kidogo. Mpanguse tu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Chakula kibadilishe baadaye, kidogokidogo, kwa siku 7 hadi 10.

Hamjambo wataalamu. Shemeji aliniletea paka huyu kutoka Dubai. Anaacha madoa ya rangi ya chai kwenye shuka na mito. Namwogesha kila siku kwa sabuni ya mtoto lakini mafuta hayaishi, na sasa ngozi inatoa magamba. Nimpake mafuta ya nazi? (Mama wa nyumbani, Mombasa)

Hatujambo, mama. Mafuta ya nazi hapana, na kuogesha kila siku acha leo.

Ngozi ya paka yeyote hutoa mafuta. Kwa paka wa kawaida mafuta hayo hupanda kwenye manyoya na yeye huyalamba. Huyu hana manyoya, basi yanabaki juu ya ngozi, yanashika vumbi, yanahamia kwenye shuka zako. Ukimsugua kila siku kwa sabuni ya binadamu unaondoa na yale anayoyahitaji, ngozi inakauka na kubanduka magamba. Ukiongeza mafuta ya nazi, atayalamba aharishe, na yatakayobaki mwilini ni karamu ya fangasi wanaoishi kwa mafuta ya ngozi.

Mwogeshe mara moja kwa wiki. Ngozi ikitulia, jaribu kila siku kumi. Kabla ya maji, kata ncha za kucha, la sivyo utaumia wewe. Funga dirisha, zima feni. Weka taulo kuukuu chini ya beseni ili miguu isiteleze, kisha maji ya nyuzi 37 hadi 38. Kama huna kipimajoto, jaribu kwa kiwiko, uyasikie ya vuguvugu tu. Kina kisizidi sentimita 5 au 6. Hapa wengi hukosea: wanajaza maji kama ya paka wa kawaida, na huyu wa miguu mifupi anajikuta yamemfika kifuani, anaanza kupigana. Kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya paka, isiyo na manukato, kikoroge kwenye kikombe cha maji. Anza shingoni kwenda mkiani kwa kiganja, bila brashi, ukifungua mikunjo ya kwapani, ya kinena na ya shingo, kisha katikati ya vidole. Uso ni kitambaa chenye maji matupu. Suuza hadi ngozi isiteleze tena mkononi, kwani shampuu iliyobaki mikunjoni ndiyo inayowasha. Mkaushe kwa taulo mbili, ya pili iwe imepashwa moto.

Kucha zina kazi yake. Kunjua kila ukucha, utaona uchafu wa kahawia kwenye shina. Upanguse kwa pamba yenye maji moto kiasi. Masikio nayo hutoa nta nyingi ya kahawia kwa sababu hakuna vinyweleo vya kuizuia. Kila wiki tia dawa ya kusafishia masikio ya paka, kanda chini ya sikio kwa nusu dakika, mwache atikise kichwa, kisha panguza kile unachokiona kwa pamba. Vijiti vya pamba husukuma nta ndani. Nta ikiwa nyeusi na ya chengachenga kama masimbi ya kahawa, na paka anajikuna, huo ni utitiri wa masikio na unatibiwa kwa dawa ya daktari wa mifugo.

Kwa kuwa tumbo lake liko karibu na ardhi, lipanguse kila jioni. Linagusa mchanga wa choo na sakafu. Na ukiona wekundu, utando wa mafuta ya kahawia kwapani na vidoleni, harufu ya uvundo na kujikuna kusikoisha, hapo shampuu ya kawaida haitasaidia. Daktari atachukua sampuli kwa utepe wa gundi, aitazame kwa hadubini, na akikuta fangasi atakupa shampuu yenye klorheksidini na mikonazoli. Hiyo huachwa juu ya ngozi dakika 10 kabla ya kusuuzwa, na wengi huisuuza baada ya dakika moja kisha wanalalamika dawa ni mbovu.

Huku Limuru mwezi wa Julai baridi si mchezo. Sweta inatosha? (Msomaji, Limuru)

Haitoshi peke yake. Sweta huhifadhi joto alilonalo, haimtengenezei jingine. Apate angalau pembe moja ya nyumba yenye nyuzi 22 hadi 26: sanduku la kadibodi lenye mlango mdogo, blanketi ndani, na chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye taulo. Chupa isiguse ngozi. Mkeka wa umeme wa kulalia hatuupendi, maana paka hawa hulala juu ya joto hadi wakaungua bila kuhama. Jiko la makaa chumbani ni hatari kwake na kwako.

Sweta iwe ya pamba au ya kitambaa laini, bila vifungo wala kamba, na mikono yake uikate ifupishwe. Ile ya Sphynx wa kawaida itamfanya akanyage na kuanguka. Ifue kila baada ya siku mbili tatu kwa sababu inafyonza mafuta, na uichungulie kwapani kama haichubui.

Mkishamaliza baridi, kuna jua. Paka mweupe au wa waridi huungua kweli, na kuungua mara kwa mara kunaweza kuleta saratani ya ngozi, hasa masikioni na puani. Asitoke nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Krimu nyingi za jua za watu zina zinki au salisileti, na vyote viwili ni sumu akilamba.

Nampa wali na dagaa, maziwa jioni. Anakula sana halafu bado analia njaa. Ana kilo tatu. (Msomaji, Temeke)

Analia njaa kwa sababu mbili. Ya kwanza: mwili usio na manyoya unapoteza joto, na joto hilo hulipwa kwa chakula, hivyo anakula zaidi ya paka wa kawaida wa uzito huohuo. Ya pili: wali si chakula cha paka. Unajaza tumbo bila kumpa protini anayoihitaji.

Dagaa waliochemshwa si wabaya kama kitoweo cha juu, ila huwezi kujenga mlo mzima kwa dagaa. Paka hawezi kutengeneza taurini, kirutubisho cha lazima kwake, ya kutosha mwilini mwake. Ikipungua kwa miezi, macho yanaharibika na moyo unatanuka, na moyo ndio mahali ambapo aina hii haina akiba. Maziwa ya ng'ombe humharisha paka mzima. Kitunguu na kitunguu saumu kwenye mchuzi huvunja chembe nyekundu za damu. Usimpe mchuzi wa sufuria ya familia.

Tafuta chakula kilichoandikwa kwamba ni kamili kwa paka wazima. Kwa kilo tatu anza na gramu 55 hadi 60 za chakula kikavu kwa siku, ukigawa mara tatu au nne, na maji mbali kidogo na chakula. Ukichanganya na cha kopo, punguza kikavu. Vyombo viwe vya chuma au kauri, kwani plastiki iliyochubuka hushika mafuta na kumletea chunusi za kidevu. Mpime kila wiki mbili kwa mizani: jipime wewe, kisha wewe ukiwa umembeba. Akipungua ongeza asilimia 10, akizidi punguza asilimia 10. Mbavu uzisikie kwa vidole bila kubonyeza. Tumbo la mviringo kidogo ni umbo lake, lakini mafuta juu ya mbavu ni mzigo kwa miguu ile.

Dume letu lina miaka sita. Zamani alikuwa akiruka kitandani, sasa anaketi chini analia apandishwe. Pia anajisaidia pembeni ya sanduku la choo. Mke wangu anasema ni ukaidi. (Msomaji, Muscat)

Mwambie shemeji yetu kwa heshima kwamba huenda ni maumivu. Paka mwenye viungo vinavyouma hachechemei kila mara; huacha mambo. Anaacha kuruka, anaacha kuvuka ukingo wa sanduku, anaacha kunoa kucha. Jeni iliyofupisha miguu huharibu ukuaji wa gegedu kwenye mifupa mirefu, na baadhi yao hupata baridi yabisi ya viwiko na magoti mapema.

Mpeleke akapigwe eksirei, na kabla ya kumpa dawa ya usingizi kwa ajili ya picha, daktari ausikilize moyo na, ikiwezekana, aupige altrasaundi. Mkumbushe pia kumpasha joto muda wote wa usingizi, kwani paka huyu hupoa haraka mezani. Nyumbani, kata upande mmoja wa sanduku ubaki sentimita 6 hadi 8 tu, na urefu wa sanduku uwe mara moja na nusu ya urefu wake bila mkia. Kando ya kitanda weka vipandio vya sentimita 15 kila kimoja, vilivyofunikwa zulia. Kushuka ndiko kunakoumiza kuliko kupanda; miguu ya mbele mifupi hupokea uzito wote. Kucha zikatwe kila wiki mbili.

Dawa za maumivu za binadamu ziache kabatini. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka: damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka wa kijivu, uso unavimba.

Yangu ni fupi. Paka mzima, anacheza, kwa nini daktari anataka altrasaundi ya moyo kila mwaka? (Msomaji, Dubai)

Kwa sababu ugonjwa unaanza katika umri wowote na hauonekani hadi umefika mbali. Kipimo cha mwaka jana hakisemi lolote kuhusu mwaka huu. Kati ya kipimo na kipimo kuna jambo usilolipia: akiwa amelala fofofo, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Chini ya 30 ni sawa. Ikizidi 30 usiku kadhaa mfululizo, mpigie daktari. Akihema mdomo wazi, nenda saa hiyohiyo. Na miguu ya nyuma ikilegea ghafla, ikawa ya baridi, naye akilia kwa uchungu, ni donge la damu limeziba mshipa. Usimkande, usisubiri asubuhi.

Nataka kuzalisha. Nina Sphynx jike, rafiki ana Munchkin dume mwenye manyoya. Nitapata Bambino wangapi, na soko likoje Nairobi? (Kijana mjasiriamali, Nairobi)

Utapata sifuri kwenye uzao wa kwanza, ndugu yetu.

Upara wa Sphynx ni jeni fiche: lazima mtoto aipate kwa baba na kwa mama. Dume la rafiki yako, kama hakuibeba, atawapa watoto wote jeni ya manyoya. Miguu mifupi ni jeni yenye nguvu, nakala moja inatosha, kwa hiyo karibu nusu ya watoto watakuwa wafupi, wenye manyoya. Ukimchukua mmoja wa hao wafupi ukampandisha kwa Sphynx mwingine asiye ndugu, ndipo mtoto mmoja kati ya wanne, kwa wastani, anakuwa mfupi na kipara. Watatu waliobaki ni paka ambao hakuna mteja aliyewaagiza, na wanataka kula.

Halafu kuna njia ya mkato wanayoijaribu wengi: mfupi kwa mfupi. Kiinitete kinachopata nakala mbili za jeni hiyo hakiishi, hufia tumboni. Robo ya mimba inapotea.

Kuna na damu. Baadhi ya Sphynx wana damu ya kundi B. Jike wa kundi B akizaa watoto wa kundi A, maziwa yake ya kwanza hubeba kinga inayovunja damu ya watoto, wanakufa siku chache baada ya kuzaliwa wakiwa na mkojo mwekundu. Bila kupima makundi ya damu, moyo wa kila mzazi na viungo, huna biashara hapo. Hata chama cha kimataifa cha paka cha Marekani, TICA, kinachowasajili Bambino, kiliwapa nafasi ya majaribio tu, na FIFe, shirikisho la vyama vya paka la Ulaya, haiwatambui kabisa Munchkin. Ushauri wetu: funga kizazi, mfuge uliye naye. Soko hatulijibu.

Nahamia Rotterdam kikazi mwakani. Naweza kumchukua Bambino wangu? (Msomaji, Nairobi)

Soma hili kabla ya kukata tiketi. Uholanzi imepiga marufuku kuzalisha paka wenye maumbile yanayowaumiza tangu 2014, na kuanzia 1 Januari 2026 hairuhusiwi hata kumfuga paka asiye na manyoya aliyezaliwa tangu siku hiyo. Aliyezaliwa kabla na mwenye chipu ya kuthibitisha anaruhusiwa kubaki na mwenyewe hadi mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa na ya chipu ndiyo itakayoamua. Iandikie mamlaka ya chakula na bidhaa ya huko, NVWA, upate jibu la maandishi kuhusu paka anayetoka nje.

Akiruhusiwa, kuna foleni ya kichaa cha mbwa. Chipu kwanza, kisha chanjo akiwa na wiki 12 au zaidi. Angalau siku 30 baada ya chanjo damu yake inapimwa kinga katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, matokeo yafike uniti 0.5 kwa mililita. Kuanzia siku ya kutolewa damu hiyo unasubiri miezi mitatu kabla ya kuingia. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na kosa hilo hurudisha watu mwanzo.

Mwanangu ana pumu na mzio wa paka. Huyu kwa kuwa hana manyoya atafaa? (Mama, Tanga)

Usitegemee. Kinacholeta mzio ni protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi, na huyu anayo yote mawili, tena anayapaka kwenye makochi moja kwa moja. Mtoto akakae naye saa kadhaa, siku tofauti, kwa mtu anayemfuga, dawa ya pumu ikiwa mfukoni, kabla hamjaamua lolote.

Ana viroboto. Duka la pembejeo wameniuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe, wamesema niichanganye nyepesi. (Msomaji, Morogoro)

Irudishe dukani. Amitrazi na dawa za jamii ya oganofosfeti zinazotumika kwenye josho ni sumu kwa paka, na ngozi isiyo na manyoya haina cha kuzizuia. Permethrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za matone za mbwa, ni mbaya zaidi: ini la paka haliwezi kuivunja. Anaanza kutetemeka, kisha degedege. Tumia dawa ya matone iliyoandikwa ni ya paka, yenye selamektini au fipronili, kwa kipimo cha uzito wake kilichoandikwa kwenye pakiti, baada ya kumpima kwa mizani. Iweke nyuma ya shingo asikofikia kulamba, siku mbili baada ya kuoga na siku mbili kabla ya kuoga tena. Matandiko yafuliwe kwa maji moto siku hiyohiyo.

Kama ulishamwogesha na ile ya ng'ombe, muoshe sasa hivi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge kwenye taulo kavu apate joto, beba chupa ya dawa uende naye kwa daktari wa mifugo.